Kinyozi Aliyeandika Habari za Nywele

Tangazo! Wenye kofia wazivue, wenye simu wazizime, na wanaotafuna wameze kwanza. Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba katika mtaa huu, kati ya duka la vipuri na mashine ya kusaga, anaishi Mwanafalsafa wa Haki, Mchambuzi wa Rangi za Binadamu, Mwandishi Mashuhuri wa Gerezani na Sauti ya Wasio na Sauti. Majina hayo hakujipa mwenyewe. Alipewa na chama cha wasomaji cha chuo kikuu, ambacho kimekusanya maandishi yake kikayatia kwenye kitabu chenye jalada jeusi na picha ya mnyororo. Mnyororo huo hakuna anayejua umetoka wapi. Yeye hakuwahi kufungwa mnyororo hata siku moja. Alifungwa miaka.

Kwa sasa Sauti ya Wasio na Sauti amevaa ndala, amesimama nyuma ya kiti cha kuzunguka, na anamfokea mteja kwa sababu anatikisa kichwa.

Mtaani wanamwita Wembe. Ni mfupi, mweusi tititi, ana mdomo usiopumzika na mikono isiyotetemeka, na ukimpa nafasi atakueleza kwamba hakuna kinyozi mwingine katika mji mzima, waliobaki wanapalilia tu. Kabla hajawa mwandishi alikuwa hivyo hivyo: kinyozi, mbishi, mdogo wa mwisho wa dada mmoja mkali anayeitwa Mama Pacha. Na Mama Pacha ndiye aliyemletea balaa, kwa kuolewa.

Aliolewa na mtu mweupe. Namaanisha mweupe kweli, wa nywele laini za kulala kichwani, wa ile jamii ambayo mjini kule ikiingia benki mlinzi anafungua mlango, na sisi tukiingia anauliza tunamtafuta nani. Mume huyo alikuwa mtunza ghala katika kiwanda cha magodoro. Mtu mpole, mcheshi, mwoga wa mke wake, na mwenye kipaji cha kupata mawazo mabaya. Wembe alimwita shem, naye akamwita Wembe shem, na wakaelewana kama vidole viwili vya mkono mmoja, jambo ambalo lilimtia Mama Pacha wasiwasi tangu mwanzo.

Siku moja Shemeji akapata wazo. Funguo za ghala anazo yeye. Lori analijua yeye. Njia ya nyuma aliichora yeye, kwenye kipande cha boksi, na usukani akashika yeye. Wembe alipewa kazi moja tu: kufunga kamba.

Sasa, mtu anaweza kuwa hodari wa kunyoa ndevu na bado asijue kufunga kamba. Magodoro yalianza kudondoka mara tu baada ya lango la kiwanda. Moja kwenye mzunguko wa barabara, lingine mbele ya shule, lingine mlangoni kwa fundi baiskeli ambaye alishukuru Mungu akaliingiza ndani. Polisi hawakufanya upelelezi wowote. Walifuata magodoro kama kuku anavyofuata mtama, mpaka wakafika uani kwa Mama Pacha, wakawakuta mashemeji wawili wanabishana kwa nini lori limekuwa jepesi.

Mahakamani ndipo Wembe alipoanza kujifunza falsafa. Hakimu aliwatazama wawili hao kwa muda. Akamtazama Shemeji, akaguna kwa huruma. Akamtazama Wembe, akaandika. Wakafungwa kifungo sawa, lakini kwenye faili kukaingia maneno mawili. La Shemeji lilisema "alishawishiwa". La Wembe lilisema "kinara".

"Kinara wa nini?" Wembe aliuliza kizimbani. "Mimi nilishika kamba tu!"

"Na umekosa adabu," akasema hakimu, akaandika na hilo.

Shemeji alifungua mdomo. Akaufunga. Mama Pacha, aliyekaa benchi la nyuma na pacha wake mapajani, aliuona mdomo ule ukifunguka na kufungika. Walipokuwa wanapandishwa kwenye gari la magereza, alimsogelea mumewe, akamwambia taratibu, na watu wa Mama Pacha wanajua kwamba akisema taratibu ndiyo mbaya zaidi:

"Baba Pacha, mimi najua nani alichora lile boksi. Mdogo wangu hana akili ya kuchora hata duara. Utakapotoka, usinirudie bila yeye. Ukija peke yako, utalala kwenye ngazi."

Hiyo ndiyo hukumu iliyomuuma Shemeji. Ile nyingine ilikuwa ya serikali tu.

Gerezani Wembe alipewa kazi ya unyozi, na akakuta kanuni inamsubiri. Wafungwa wenye nywele za kipilipili walinyolewa upara kila wakati, kwa ajili ya usafi, kwa sababu ya chawa. Wenye nywele laini walipunguzwa kidogo kwa mkasi, wakaachiwa za kuchana. Hakuna aliyeandika popote neno mweusi wala neno mweupe. Kanuni ilikuwa ya nywele. Chawa wenyewe, Wembe alivyowaona kwa macho yake, walikuwa wameshaisoma kanuni vizuri wakahamia wote upande wa nywele laini, ambako kulikuwa na mahali pa kulala.

Kila baada ya muda ilikuja kamati ya msamaha. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani, na mzee aliyesinzia. Wafungwa waliingia mmoja mmoja, wakasimama, wakajieleza. Waliokuwa na nywele walionekana kama watu waliopita gerezani kumsalimia ndugu. Wale wa upara walionekana kama wafungwa. Kamati iliwaachia wa nywele. Wa upara iliwaambia waendelee kutafakari. Mara ya kwanza Wembe alipoingia aliwaeleza kisa cha kamba, na kwenye faili wakaandika: "hukwepa lawama". Mara ya pili hakueleza kitu. Wakaandika: "hasemi ukweli".

Shemeji naye, kwa bahati mbaya, mara zote hizo kamati ilimkuta yuko wodini na homa. Lakini zamu yake ilikuwa inakaribia, na kila mtu alijua atatoka. Alishaanza kujichana.

Gereza lile lilikuwa na gazeti la ukutani. Mkuu wa gereza alilianzisha ili wafungwa waandike mambo ya kujenga, na kila karatasi aliisoma mwenyewe kabla ya kubandikwa. Watu waliandika mashairi ya kumsifu mama na makala za faida za mboga. Wembe akaandika habari za nywele. Kitabuni wameipa jina refu lenye neno "muktadha", lakini ukutani ilianza hivi:

"Mimi kinyozi nimechunguza jambo. Nimenyoa watu wengi wakaingia kwa kamati, na nimepunguza watu wengi wakaingia kwa kamati. Niliowanyoa wote bado nawanyoa. Niliowapunguza sijawaona tena. Kwa hiyo natoa wito kwa vijana wote wanaofikiria kufanya makosa: kabla hujaiba, ota nywele laini. Kama huwezi kuota, basi acha wizi, hauna faida kwa watu wa aina yako."

Uwanja mzima ulicheka. Weusi walicheka wakashika mbavu. Weupe walicheka pia, kwa sababu ilichekesha. Shemeji aliisoma mara mbili, akampiga shem wake begani. "Una mambo wewe!" akasema, akaenda kujichana.

Aliyechelewa kucheka ni Mkuu wa gereza. Alikuwa ameipitisha mwenyewe, akidhani ni makala ya usafi. Alipoisikia uwanjani ikisomwa kwa sauti ndipo akaielewa. Akamwita Wembe ofisini.

"Umeandika kwamba gereza langu lina ubaguzi?"

"Hapana, mkuu. Nimeandika habari za nywele."

"Mimi ni mtu wa haki! Muulize yeyote!"

"Ndiyo, mkuu."

"Unanitukana kwa adabu, nakuona. Sasa sikiliza. Kuanzia kesho hakuna wa laini hakuna wa kipilipili. Upara kwa wote, na utawanyoa wewe mwenyewe. Halafu tuone utaandika nini."

Hivyo ndivyo Wembe alivyoingia katika historia ya fasihi: aliomba nywele kwa wote, kwa njia ya mzaha, akapewa upara kwa wote, kwa njia ya amri.

Foleni ya kesho yake ilikuwa msiba. Mhasibu mmoja mweupe, aliyefungwa kwa kupoteza fedha za watu wengine, alilia zaidi nywele zake zilipoanguka kuliko alivyolia siku ya hukumu. Wengine walimtukana Wembe mpaka na babu zake. Yeye aliwajibu mmoja mmoja, kichwa kwa kichwa, maana mtu anayekutukana huku umemshikia wembe kisogoni hawezi kwenda mbali sana na matusi yake.

Mwisho akakaa Shemeji. Kamati ilikuwa inakuja wiki ile ile.

"Shem," akanong'ona, "niachie hata za mbele tu."

"Amri, shem."

"Za mbele tu! Za kuonyesha kwamba zipo!"

"Afande yuko pale ananitazama. Tulia nisikukate."

Chini ya zile nywele nzuri kulikuwa na kichwa ambacho hata Mama Pacha hakuwahi kukiona. Kilikuwa na mabonde. Kilikuwa na kovu la utotoni lililopinda kama mdomo wa mtu anayekusonya. Wembe alimaliza, akarudi nyuma hatua moja, akakitazama.

"Kikoje?" Shemeji akauliza.

"Kipo," akasema Wembe.

Kamati ilikuja. Shemeji aliingia na sauti yake ile ile ya upole na tabasamu lake lile lile, lakini tabasamu chini ya kichwa kile lilikuwa jambo lingine kabisa. Mama wa miwani alivuta mkoba wake karibu. Mzee anayesinzia aliamka. Mwenyekiti alisoma faili linalosema "mpole", akatazama kichwa, akarudi kwenye faili, akatazama tena, akasema, "Sioni majuto." Akamkatalia. Akamkatalia na Mhasibu. Akawakatalia weupe wote wa siku ile, kisha akawakatalia weusi wote kama kawaida yake. Kwa mara ya kwanza tangu gereza lile lijengwe, haki ilitendeka bila kuangalia rangi ya mtu, na hakuna aliyeifurahia.

Wembe alimkuta Shemeji amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya jiko, anapapasa kichwa.

"Shem," Shemeji akauliza. "Ndivyo wanavyokutazamaga wewe?"

"Vipi?"

"Kama vile… nimeingia tu, sijasema neno, na tayari nimeshafanya kitu."

"Ee. Ndivyo."

"Kila siku?"

"Jumapili wanapumzika."

Shemeji akageuka juu ya ndoo. "Mbona hukuniambia?"

"Sikukuambia?" Wembe akapandisha sauti mpaka mpishi akachungulia. "Shem, nimeandika! Nimebandika ukutani kwa herufi kubwa! Ukasoma mara mbili, ukanipiga bega, ukaenda kujichana!"

"Nilidhani ni habari za nywele."

"Hakuna mtu anayefungwa kwa nywele, shem. Ukiandika nywele, karatasi inabandikwa ukutani. Ukiandika lile lenyewe, wanakubandika wewe. Nywele hizi zitaota. Zikiota utatoka, na mimi watanisoma tena 'kinara'. Si neno hilo ndilo linanirudisha ndani kila mara? Na hilo halikuota kichwani kwangu."

Shemeji aliinama kabisa. Alitaka kusema kitu, na Wembe akauona mdomo ukifunguka, na ukifungika, kama siku ile ya mahakama. Basi akamwacha na ndoo yake.

Weupe hawakukaa kimya. Walikuwa wameonewa, na kwao lilikuwa jambo jipya, kwa hiyo walilifanyia kazi kwa ari ya mtu aliyenunua baiskeli juzi. Mhasibu aliongoza malalamiko. Mkuu wa gereza, ambaye sasa alikuwa ameshajitangaza kuwa mtu wa usawa mbele ya uwanja mzima, hakuweza tena kurudisha kanuni ya laini na kipilipili bila kuonekana kichekesho. Akatoa amri nyingine: kila mtu afuge apendavyo. Weusi walifuga. Wembe aliwachonga mmoja mmoja, pembeni mstari, juu duara, mpaka gereza likapendeza kama harusi isiyo na bibi harusi.

Kamati iliporudi, safari hii mashemeji waliitwa pamoja, kwa kuwa kesi ilikuwa moja. Na familia iliruhusiwa kusikiliza, kwa hiyo Mama Pacha alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, macho kwa mumewe.

Wembe alikuwa amejichonga nywele kwa kioo na kwa mapenzi. Zilikuwa kazi bora ya maisha yake. Mwenyekiti hakuzitazama hata kidogo. Alisoma, "Kinara," akafunga faili. Makala yote ya ukutani, utafiti, wito kwa vijana, vikafa palepale. Kisha akamgeukia Shemeji, ambaye nywele zake zilikuwa zimerudi zikalala mahali pake, akatabasamu.

"Na wewe kijana. Ulishawishiwa, eh?"

Shemeji alisimama. Alimtazama mke wake, na mke wake hakumsaidia hata kwa kupepesa jicho.

"Hapana," akasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto anayekiri kuvunja sahani. "Hakuna aliyenishawishi. Wazo langu. Funguo zangu. Lori niliendesha mimi. Huyu alishika kamba, na hata hiyo hakuifunga vizuri."

"Hilo nalo lazima uliseme?" Wembe akafoka.

"Nilikuwa kimya mahakamani kwa sababu hakimu alishaamua nani kinara kabla hatujafungua mdomo, nikaona nimepona. Basi. Mniandike mimi."

Kamati ikatoka kwenda kunywa chai, ikarudi, na mwenyekiti akasoma uamuzi huku amejaa hisia. Kutokana na ujasiri wa ajabu wa mfungwa huyu katika kusema kweli, kamati imeguswa na inamwachia huru leo hii. Kuhusu huyo mwingine, faili lake litarekebishwa kwa kufuata taratibu, na atajulishwa.

"Samahani, mheshimiwa," Wembe akasema. "Ukweli huo huo mimi niliusema hapa hapa mara ya kwanza."

Mama wa miwani akafunua faili. "Ndiyo," akasema. "Tuliandika: hukwepa lawama."

Shemeji akapewa nguo zake za kiraia na kusindikizwa mpaka langoni. Sasa, gereza lile lilikuwa na malango mawili, la ndani na la nje, na katikati ujia mfupi wenye benchi. Kanuni ilikuwa kwamba lango la ndani halifunguliwi kamwe kama kuna raia kwenye ujia. Raia atoke kwanza. Kwa kawaida hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa tangu dunia iumbwe hakuna raia aliyekataa kutoka.

Shemeji alikaa kwenye benchi.

"Toka, ndugu," akasema afande wa zamu. "Uko huru."

"Najua. Mtu huru anakaa anapotaka."

"Hapa hapakaliwi!"

"Basi nirudisheni ndani."

"Kwa kosa gani?"

"Kukaa."

"Hiyo lazima uende mahakamani kwanza!"

"Nitasubiri gari hapa hapa."

Upande wa nje, kupitia tundu la lango, sauti ya Mama Pacha ilipenya. "Baba Pacha! Usiinuke! Ukiinuka nakuua!"

"Sijainuka, mama!"

Afande alimvuta mkono, lakini sheria ya kuvuta mfungwa aliijua na ya kuvuta raia hakuijua, akaacha. Lori la chakula likafika nje likapiga honi. Askari wa zamu mpya wakafika nje wakapiga honi na wao. Ndani, askari wa zamu iliyokwisha wakajaa kwenye lango na mabegi yao, mmoja ana sherehe, mwingine mke wake anaumwa, wote wanafoka, na hakuna anayeweza kupita kwa sababu ya mtu mmoja mweupe aliyekunja nne kwenye benchi. Hesabu ya jioni nayo ikakwama: aliyeko katikati haandikwi ndani, haandikwi nje.

Mkuu wa gereza akaja mbio mpaka kwenye nondo za lango la ndani, kofia mkononi.

"Unataka nini wewe?"

"Shem wangu."

"Faili linarekebishwa! Ni miezi! Kuna taratibu!"

"Mimi sina haraka, mkuu. Nina benchi."

Basi wasomi wa haki wanaoandika vitabu vinene naomba hapa wanisikilize. Faili lililohitaji miezi, mihuri, na saini ya mtu aliyekuwa likizo, lilirekebishwa kabla chai ya kamati haijapoa. Mwenyekiti alishikwa akiwa anapanda gari lake, ambalo nalo lilikuwa limezibwa na lori la chakula. Alisaini juu ya boneti. Neno "kinara" likakatwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Ule mstari Wembe anasema aliusikia kutoka selo, lakini anasema mambo mengi.

Mkuu akavunja kanuni yake mwenyewe, akaamuru lango la ndani lifunguliwe, na Wembe akatoka mbio na nguo za mtu mwingine, suruali imemzidi urefu. Shemeji akainuka kwenye benchi. Lango la nje likafunguliwa, na askari wa zamu mbili wakapiga makofi, si kwa haki, kwa kwenda nyumbani.

Mama Pacha aliwatazama wawili hao wamesimama mbele yake. Hakulia. Alimpiga mumewe kofi la bega, akampiga mdogo wake lingine la kufanana, ili pasiwe na upendeleo, akasema, "Haya, tangulieni. Na mkiona godoro njiani, msiliguse."

Huyo ndiye Mwanafalsafa wenu. Juzi mhadhiri wa kile chama cha wasomaji alikuja kibandani na kile kitabu cha mnyororo na kinasa sauti, na kwa kuwa Wembe hahojiwi na mtu aliyesimama, ilibidi akae kwenye kiti cha kuzunguka na afungwe shuka shingoni. Alianza kwa sauti ya kanisani. Akaeleza kwamba makala ile ya ukutani ni ukombozi wa fikra, ni kioo cha jamii iliyogawanyika kwa rangi, ni mhimili mpya katika nadharia ya haki. Akaeleza mpaka nusu ya kichwa ikawa imeisha. Kisha akasogeza kinasa sauti.

"Mzee wangu, siku ile uliposhika kalamu, peke yako, kati ya kuta zile, ulitaka kuiambia dunia nini?"

Wembe akapuliza nywele zilizobaki kwenye mashine.

"Nilitaka kwenda nyumbani. Inamisha kichwa."